Ngozi ya mikono iliyolegea baada ya kupungua: nini utegemee kwenye upasuaji

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, nina miaka 41 na watoto wawili. Nilikuwa na kilo 112. Kwa miaka miwili nimepambana na chakula na kutembea hadi nikafika kilo 76, na hapo nimekaa miezi minne sasa. Presha imeshuka, usingizi umerudi, lakini mikono imeniangusha. Nikiinua mkono kuandika ubaoni, ngozi ya chini inaning'inia na kutikisika, wanafunzi wanacheka. Wakati wa joto natoka vipele pale inapokunjana karibu na kwapa. Mume wangu anasema niende jimu. Dada mmoja mwenye saluni Arusha anasema ana sindano za kuyeyusha mafuta na kwamba ndani ya wiki mbili nitakuwa mtu mwingine. Mimi nafikiria upasuaji, na ningependa uwe umekwisha kabla ya sendofu ya mdogo wangu mwezi Desemba, maana sare yetu ni gauni lisilo na mikono. Kinachonitia hofu ni kovu. Nilipotoboa sikio tundu la pili liliota kovu kubwa kama punje ya harage, ingawa kovu la kujifungua kwa upasuaji limelala vizuri. Je, kovu la mkono litakuwaje? Maumivu ni kiasi gani? Na nitarudi darasani lini?"

Marahaba, mwalimu. Pole kwa kuchekwa mbele ya darasa, na hongera kwa kilo 36. Wengi wanaonijia na tatizo kama lako huingia wameinamisha kichwa, kana kwamba ngozi iliyobaki ni ushahidi wa kushindwa. Ngozi hiyo imebaki kwa sababu ulifaulu kuondoa kilichokuwa kimeijaza. Presha iliyoshuka ni faida kubwa kuliko yoyote ninayoweza kukupa mimi kwa kisu.

Barua yako imenifikia mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo nikupe jibu la Desemba mapema usije ukaweka oda ya gauni kwa kunitegemea: hapana, si kabla ya sendofu. Sababu zake utaziona mbele.

Upasuaji huu ni mabadilishano. Unatoa ngozi, unapokea kovu. Kwa mkono uliolegea kama unavyoueleza, kovu huanzia kwapani na kushuka hadi karibu na kiwiko, mikono yote miwili, na litakuwa nawe maisha yako yote. Daktari anaweza kulificha upande wa ndani wa mkono au kulisogeza nyuma kidogo, anaweza kulishona kwa ustadi likawa jembamba, lakini hawezi kulifuta. Anayekuambia kwamba leza au krimu italiondoa kabisa baadaye anakuuzia kitu ambacho hana. Kwa mtu ambaye sikio lake limeshaota kovu la ukubwa wa harage, hapo ndipo uamuzi wote ulipo.

Kwanza tuelewe kilichotokea mkononi. Ngozi ina nyuzi za kolajeni zinazoipa uimara, na nyuzi za elastini zinazoirudisha mahali pake inapovutwa. Mwili unapobeba uzito mkubwa kwa miaka mingi, nyuzi hizo hunyooka kupita kiasi na nyingine hukatika. Ni kama lastiki ya sketi iliyovaliwa na mtu mnene kwa muda mrefu: ukimpa mwembamba, haimbani tena. Ngozi ya upande wa ndani wa mkono ni nyembamba kuliko ya mapajani au mgongoni, tena imeshikiliwa na utando unaoanzia kwapani na kushuka kuelekea kwenye kiwiko. Utando huo nao hulegea kwa uzito na kwa umri. Ndiyo maana ukinyoosha mkono mbele ya kioo unaona ngozi imening'inia kati ya kwapa na kiwiko kama kitenge kilichoanikwa kati ya miti miwili.

Sasa mumeo na jimu yake. Hajakosea kukutakia mazoezi, ila mazoezi hufanya kazi kwenye msuli. Msuli wa nyuma ya mkono ukinenepa utajaza sehemu ndogo ya nafasi ile, na mtu mwenye ulegevu kidogo anaweza kuridhika kabisa. Kwako, ngozi iliyozidi itabaki, kwa sababu hakuna zoezi linalounganisha nyuzi za elastini zilizokatika. Nenda jimu kwa ajili ya nguvu na kwa ajili ya kulinda uzito wako. Usiende ukihesabu siku za ngozi kupanda, utajivunja moyo bure.

Kuhusu sindano za saluni, nakuomba kama daktari na kama kaka: usikubali. Dawa ya kuyeyusha mafuta ambayo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha mwaka 2015, asidi ya deoksikoliki, iliidhinishwa kwa mafuta ya chini ya kidevu, si ya mkono. Mwaka 2023 mamlaka hiyo hiyo ilitoa onyo kuhusu sindano za aina hii zisizoidhinishwa, baada ya watu kupata maambukizi, makovu ya kudumu na mabonge yenye maumivu chini ya ngozi. Na hata dawa ingekuwa halisi, tatizo lako si mafuta. Ukiyeyusha yale machache yaliyobaki ndani ya ngozi iliyolegea, unaondoa kilichokuwa kinaijaza, nayo inaning'inia zaidi. Hali ni hiyo hiyo kwa kunyonya mafuta kwa mrija bila kukata ngozi. Njia hiyo inamfaa mtu, mara nyingi kijana, ambaye mkono ni mnene lakini ngozi bado inarudi haraka ukiivuta. Jaribu mwenyewe: shika ngozi ya chini ya mkono kwa vidole viwili, ivute, iachie. Yako, kwa maelezo yako, itarudi polepole na kubaki na mikunjo.

Kuna upasuaji mdogo ambao kovu lake hufichwa kwapani peke yake. Watu huupenda wakisikia habari zake, na ni haki yao, lakini unasaidia pale tu ulegevu ulipo mdogo na karibu na kwapa. Daktari akikuahidi matokeo makubwa kwa kovu la kwapani tu, kwa mkono uliopoteza kilo 36 za mwili, muulize tena.

Basi tuseme umechagua upasuaji kamili. Kabla ya tarehe kupangwa, daktari makini atataka uzito wako uwe umetulia kwa angalau miezi 6. Wewe una minne. Ukipungua zaidi baada ya kushonwa, ngozi italegea tena. Ukiongezeka, kovu litavutwa na kutanuka. Atapima wingi wa damu, sukari na presha. Waliopungua kwa kujinyima sana huwa na upungufu wa damu na wa protini, na kidonda kirefu hakifungi vizuri kwenye mwili wenye njaa. Mayai, maharage, dagaa na maziwa ni sehemu ya maandalizi, usivione ni vitu vidogo. Sigara na shisha ziachwe angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, kwa sababu hubana mishipa ya damu na kuua kingo za ngozi iliyoshonwa. Mtajie vidonge vyote unavyotumia, pamoja na vya uzazi wa mpango na dawa za asili, kwa kuwa baadhi huongeza damu kuganda na nyingine huongeza kutoka damu. Na kama umewahi kupaka mkorogo, sema bila aibu. Krimu nyingi za aina hiyo zina dawa kali zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba na kuchelewesha kupona. Mimi huuliza swali hilo kila mgonjwa, mwanamke na mwanamume, na hakuna anayehukumiwa.

Siku yenyewe, daktari atakuchora ukiwa umesimama au umekaa na mikono imenyooshwa, kwa sababu ukilala ngozi hubadilika. Kisha utalazwa usingizi wa nusu kaputi. Kazi huchukua saa 2 hadi 3. Ngozi na mafuta yaliyozidi hukatwa katika umbo la jani refu, tabaka za ndani hushonwa kwanza ili ngozi ya juu isivutwe, na kwapani mkato hupindishwa badala ya kwenda moja kwa moja. Kovu lililonyooka likivuka kwapa hujikunja na kukuzuia kuinua mkono, jambo baya kwa yeyote na baya zaidi kwa mtu wa ubaoni. Wakati mwingine huachwa mirija midogo ya kutoa majimaji kwa siku chache. Utaamka umefungwa bendeji, kisha utavaa nguo maalumu ya kubana mikono, karibu usiku na mchana, kwa wiki 4 hadi 6.

Maumivu? Wengi husema ni ya kubanwa na kuvutwa, si ya kuchomwa. Siku 3 hadi 5 za kwanza ndizo nzito, na dawa za kawaida za maumivu huyatuliza. Kinachowashangaza wagonjwa wangu si maumivu, ni kutegemea watu. Hutaweza kusonga ugali: mwiko unatumia misuli ile ile iliyo chini ya kidonda. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na wewe kwa wiki 4 hadi 6 hutakiwi kuinua kitu kizito, hata mtoto. Hutakata majani ya ng'ombe, hutabeba mkungu wa ndizi, hutaning'inia kwenye daladala kwa kushika bomba la juu, hutapanda bodaboda. Nywele zisukwe kabla, kwa sababu hutaweza kuinua mikono kujichana. Usinyoe kwapa kwa wembe siku za karibu na upasuaji, vidonda vidogo vya wembe ni mlango wa vijidudu. Utalala chali, mikono juu ya mito. Vidole vikivimba siku za mwanzo usiogope, vichezeshe mara kwa mara, na tembea ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza ili damu isigande miguuni. Kaa na mumeo mpange kabisa nani atapika, nani ataogesha watoto. Nimeona kushona kuzuri kukiachia wiki ya pili kwa sababu mama alirudi jikoni.

Darasani unaweza kurudi baada ya wiki 2 hadi 3 kama kazi ni ya kukaa na kusahihisha madaftari. Kuandika juu ya ubao, mkono ukiwa umepita bega, subiri wiki 4 hadi 6 na ruhusa ya daktari. Uvimbe mwingi huisha kwa miezi michache. Kovu huwa jekundu au jeusi zaidi na gumu kwa miezi ya mwanzo, kisha hufifia taratibu kwa mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu. Wagonjwa hunipigia simu mwezi wa tatu wakilia kwamba limeharibika. Mara nyingi huwa liko katika kipindi chake kibaya zaidi tu.

Madhara yapo, na katika upasuaji huu madogo si nadra. Kidonda huweza kuachia sehemu ndogo, hasa karibu na kwapa penye unyevunyevu na mvutano. Hupona kwa kusafishwa, lakini huchukua wiki na huacha kovu pana zaidi. Majimaji huweza kujikusanya chini ya ngozi yakahitaji kunyonywa kwa sindano. Kuna maambukizi, kuna damu kuvuja ndani, na mara chache damu kuganda kwenye mshipa. Mikono miwili haitafanana kabisa, kama ambavyo hata leo haifanani. Na kuna neva ya hisia inayopita upande wa ndani wa mkono kuelekea kwenye kigasha. Ikivutwa au ikiguswa, ngozi ya hapo hufa ganzi. Kwa wengi hisia hurudi baada ya miezi, kwa wachache hubaki hivyo, na wengine hupata maumivu ya neva yenyewe.

Nirudi kwenye sikio lako, maana naona ndilo linalokunyima usingizi, na ni sahihi.

Kuna makovu ya aina mbili ambayo watu huyaita kwa jina moja. La kwanza ni kovu lililonenepa: linainuka, linawasha, lakini halivuki mpaka wa kidonda, na mara nyingi hulala lenyewe kwa muda. La pili ni keloidi, ambayo huvuka mpaka na kuvamia ngozi ya jirani isiyo na jeraha, na haiondoki yenyewe. Sisi wenye ngozi nyeusi tunapata keloidi zaidi kuliko watu weupe, na huenda katika familia, kwa hiyo waulize mama na ndugu zako. Kovu la sikio linalotokeza mbali na tundu lenyewe lina dalili zote za keloidi, ila lazima lionwe kwa macho.

Lakini keloidi ina maeneo yake. Inapenda sikio, kifua cha katikati, bega na taya. Upande wa ndani wa mkono si miongoni mwa maeneo inayoyapenda zaidi, na kovu lako la tumboni kulala vizuri ni habari njema. Si dhamana, hata hivyo. Kovu la mkono ni refu, linavutwa kila unaponyoosha mkono, na hata kwa watu wasio na keloidi huelekea kunenepa. Kwa hiyo uwezekano wako wa kupata kovu baya ni mkubwa kuliko wa mwenzako asiye na historia hiyo, na likitokea litakuwa na urefu wa mkono mzima, si punje ya harage.

Je, hilo linakufungia mlango? Kwangu mimi, hapana, lakini linabadilisha mpango. Kidonda kishonwe bila mvutano, hata ikibidi daktari aache ngozi kidogo kuliko kukaza mno. Kikishafunga, gundi maalumu ya kubandika au bamba za silikoni zianze mapema na ziendelee kwa miezi. Uonwe kila mwezi, na mara kovu likianza kuwasha na kuwa gumu, lichomwe sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndani yake kila baada ya wiki 4 hadi 6. Keloidi ikiwahiwa ikiwa ndogo husikia dawa. Ikiachwa mwaka mzima na kupakwa dawa ya meno na ndimu, huwa vita ndefu. Kuikata bila matibabu mengine ndiyo njia ya kuirudisha ikiwa kubwa zaidi. Kama huwezi kuahidi kuhudhuria kliniki mwaka mzima, ni bora usifanyiwe, na ninasema hivyo kwa kukujali.

Kuna jaribio moja ninalowapa wagonjwa wa namna yako. Chukua kalamu ya wino usiofutika haraka, mwambie mumeo akuchoree mstari mnene kutoka kwapani hadi kiwikoni, mikono yote. Vaa blauzi isiyo na mikono, kaa nao siku mbili Jumamosi na Jumapili, nenda nao hata sokoni. Wapo wanaorudi wakisema, "Afadhali mstari kuliko ngozi." Wapo wanaogundua kwamba mikono mirefu ya kitenge inawatosha. Wote wameamua vizuri.

Ngozi ikikutokea vipele wakati unasubiri, ikaushe vizuri baada ya kuoga, vaa pamba, na mwone daktari akutazame kama ni fangasi, kwa sababu dawa yake ni rahisi. Na kama mkono mmoja umevimba zaidi ya mwingine, au una uvimbe mgumu unaouhisi kwa vidole, au umewahi kutolewa tezi za kwapani kwa saratani ya titi, hayo yaonwe kwanza. Kupasua mkono ambao njia zake za limfu, yaani zinazoondoa majimaji kwenye mkono, zimeharibika kunaweza kuuacha umevimba daima.

Mahali pa kwenda: anzia hospitali ya KCMC hapo Moshi, uombe kuonwa na daktari wa upasuaji rekebishi, au upate rufaa kutoka hospitali unayotibiwa. Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, nao hutoa huduma za upasuaji rekebishi na wa urembo, ila ukienda huko usipande basi la kurudi siku ya pili. Safari ya kutwa nzima umekaa ni hatari kwa damu kuganda, kaa huko hadi kidonda kikaguliwe. Popote uendapo, hakikisha jina la daktari limo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, tena kama bingwa wa upasuaji. Muulize alisomea wapi ubingwa wake. Wapo waliopitia vyuo vikuu vyetu, na wapo waliopitia Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho ofisi zake ziko Arusha. Muulize ni nani atakayekulaza usingizi. Omba kuona picha za makovu ya wagonjwa wenye ngozi kama yetu baada ya mwaka mmoja, si baada ya wiki mbili. Gharama iandikwe yote: chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, nguo ya kubana, sindano za kovu, na nani atalipa kidonda kikiachia. Usitegemee bima, kwa kuwa upasuaji wa urembo kwa kawaida haulipiwi.

Baada ya upasuaji, homa, usaha au harufu mbaya, wekundu unaosambaa au mkono mmoja kuvimba ghafla ni vya kuonwa siku hiyo hiyo. Shavu la mguu likiuma na kuvimba, au ukikosa pumzi, nenda idara ya dharura usiku huo huo bila kusubiri kupiga simu kwa daktari wako.

Sasa kalenda. Ukilinda kilo 76 hadi mwisho wa Novemba utakuwa umetimiza miezi 6. Desemba, hata ukifanyiwa kesho, ungevaa gauni lile ukiwa na kovu bichi, katika kipindi chake kibaya zaidi. Ningekushauri likizo ya Juni. Una karibu mwezi mzima nje ya darasa, na Moshi ya Juni na Julai ina baridi, kwa hiyo nguo ya kubana haitakuchemsha wala kwapa halitatoka jasho kama Januari. Kabla ya hapo, sikio litibiwe. Tutaona pia linavyoitikia sindano, na hilo litatuambia kitu kuhusu ngozi yako.

Kwa sendofu, mwambie fundi akushonee mikono ya shifoni au lesi inayofika kwenye kiwiko, kwa rangi ile ile ya sare. Fundi wa Moshi hashindwi na hilo, na kamati haitagoma. Ukija kliniki Januari, njoo na daftari la uzito wako la mwezi kwa mwezi, cheti cha presha, na mumeo kama anaweza, kwa sababu nataka naye asikie habari za mwiko.